Mizani haijui yote

Katika stendi na masoko ya miji yetu kuna mashine yenye ubao wa kusimamia chini na kipaza sauti juu. Hunadi tangu asubuhi: njoo upime uzito, njoo upime urefu, ujue afya yako. Unavua viatu, unapanda, unatoa shilingi mia kadhaa, kikaratasi kinatoka. Singida nako, abiria anayesubiri basi la Dodoma au la Mwanza hupima ili muda uende. Kikaratasi hakikai mfukoni. Wenzake wanakiomba, wanakisoma kwa sauti, na hukumu inatolewa palepale. Aliyeongezeka anaambiwa maisha yamemkubali. Aliyepungua kilo tatu anaulizwa, kwa sauti ya chini kidogo, kama yuko salama.

Mashine haijasema lolote kati ya hayo. Imetoa tarakimu, maana tumeiweka sisi, na maana hiyo ina historia ndefu. Leo historia hiyo inatuponza kwa pande mbili. Wapo wanaojivunia kitambi kinachowapandishia presha. Wapo pia, hasa vijana wenye simu mkononi, wanaoshinda njaa ili wafanane na picha. Wote wawili wanautazama mwili kwa macho ya jirani. Afya inaanza pale mtu anapouliza mambo mengine kabisa: mwili wangu unafanya kazi vipi, ninaulisha nini, na unahitaji nini kutoka kwangu?

Unene uliokuwa akiba

Tusianze kwa kuwacheka wazee waliosifu unene. Mkoa wa Singida uko katika ukanda mkavu wa kati ya Tanzania, wenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Maeneo mengi hupata milimita 500 hadi 800 za mvua kwa mwaka. Mvua ikikatika Januari mtama ukiwa mchanga, familia inajua mapema kwamba ghala halitafika mavuno yanayofuata.

Upande wa Manyoni, waliko Wagogo, simulizi za Mtunya zilirithishwa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu. Hiyo ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza, na yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma, kisha mafua yaliyoizunguka dunia mwaka 1918 yakawakuta watu wamekwisha dhoofika. Inakadiriwa kuwa Wagogo wapatao 30,000 walikufa. Jamii iliyopita katika tanuri hilo haikuhitaji mtu wa kuifundisha kwamba mwili uliojaa ni akiba.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miongo miwili iliyofuata kukonda kukawa tangazo baya. Mtu aliyepungua kwa sababu ya shamba, mawazo au mfungo alinyooshewa kidole sawa na mgonjwa. Hata baada ya serikali kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, hofu ile ilibaki vinywani. Wapo watu wazima walioambiwa na daktari wapunguze uzito wakakataa, kwa kuwa walijua mtaa utasema nini.

Halafu kuna kliniki ya mtoto. Karibu kila Mtanzania ameanza maisha akining'inizwa kwenye mizani, mama akiwa na kadi mkononi, muuguzi akiweka alama. Mstari ukipanda, mama anapongezwa. Kwa mtoto hilo ni sawa kabisa, maana anatakiwa kukua. Tatizo ni kwamba pongezi ile tunaendelea kuidai tukiwa na miaka 45, wakati hakuna tena kinachokua isipokuwa kiuno.

Chungu kimoja, magonjwa mawili

Takwimu za taifa zinaonyesha mambo yamebadilika. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 28. Utafiti huohuo wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na ulipofika mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 30. Kabla ya hapo, uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takribani robo yao wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari.

Ukizisoma pamoja, namba hizo zinaeleza nyumba moja: bibi anameza dawa za presha, mama nguo zinambana, na mjukuu ni mfupi kuliko umri wake. Wote wamekula chungu kimoja. Hakuna mafumbo hapo. Chungu kilichojaa wanga mweupe, mafuta na chai ya sukari kinashibisha, lakini kina upungufu wa protini, madini na vitamini. Mtoto anakosa cha kumjengea mifupa na ubongo, na mtu mzima anapata nguvu nyingi kuliko anazotumia. Kwa hiyo mazungumzo ya lishe yasiishie kwa wanene. Mwembamba anaweza kuwa na kisukari, na mnene anaweza kuwa na upungufu wa damu.

Kipimo kilichotoka kwa mtu wa hesabu

Kikaratasi cha stendi mara nyingi huwa na namba ya tatu, ile inayopatikana kwa kugawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliojizidisha wenyewe. Ikiwa kati ya 18.5 na 24.9 unaambiwa uko sawa; ikifika 25 umezidi; ikifika 30 una kiribatumbo. Wengi hudhani ni hesabu iliyobuniwa na madaktari kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja. Sivyo. Aliyeibuni ni Adolphe Quetelet, mtakwimu na mwanafalaki wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, akitafuta wastani wa umati wa watu. Mmarekani Ancel Keys na wenzake ndio walioipa jina linalotumika hadi leo, mwaka 1972, wakiipendekeza kwa tafiti za makundi ya watu.

Hesabu hiyo si bure. Kwa wizara inayotaka kujua nchi inaelekea wapi, inafaa. Kwa mtu mmoja, ni dokezo tu. Haitofautishi msuli na mafuta, wala haisemi mafuta yamekaa wapi, na mahali ndipo penye hoja. Mafuta yaliyozunguka ini na utumbo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Ya mapajani na makalioni yana madhara madogo zaidi.

Ndiyo maana kipimo cha fundi cherehani kinaweza kukueleza zaidi ya mashine ya stendi. Chukua uzi wenye urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ukunje mara mbili, kisha uzungushe kiunoni, katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, una sababu ya kwenda kupimwa presha na sukari. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, ilishauri watu wazima wahakikishe kiuno hakizidi nusu ya urefu. Uzi huo hauna gharama, na hakuna haja ya kuwasomea abiria wenzako majibu.

Wanachotufundisha Wahadzabe

Kaskazini mwa mkoa wa Singida, katika wilaya ya Mkalama, karibu na bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi baadhi ya Wahadzabe. Jamii hii, ambayo wengi wake wako pia Karatu, Mbulu na Meatu, imewavuta watafiti wa mwili wa binadamu kutoka kila pembe. Chakula chao cha asili ni nyama ya mawindo, mizizi, matunda ya porini, ubuyu na asali nyingi.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe nguvu wanazotumia kwa siku. Walitegemea kukuta zinazidi sana zile za Wamarekani wanaoshinda ofisini, kwa kuwa wanaume wa Kihadzabe hutembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6. Walipozingatia ukubwa wa miili, tofauti haikuonekana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: ukitumia nyingi kwenye kutembea, unabana matumizi kwingine. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa kubana huko, lakini fundisho moja limekwisha simama: kukimbia peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko tunavyoahidiwa.

Je, basi mazoezi hayana maana? Hapa ndipo Wahadzabe wanapotuzindua. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 uliowafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo ulionyesha kuwa mioyo yao hufanya kazi ya kutosha kwa zaidi ya saa moja kila siku, na kwamba presha na lehemu mbaya ni adimu kwao hata wanapozeeka. Mwaka 2020 ukatoka mwingine: Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usio mbali na wetu, ila katika sehemu ya mapumziko hayo huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kochi limetunyima hata hilo.

Hakuna anayesema tuhamie porini. Maisha ya Wahadzabe yana dhiki zake, na ardhi yao imemegwa kwa miaka mingi. Ila wamesaidia kutenganisha mambo mawili ambayo matangazo huyafunga pamoja. Chakula ndicho chenye neno kubwa kuhusu uzito. Mazoezi yana neno kubwa kuhusu moyo, sukari, mifupa, usingizi na akili. Anayekimbia ili kulipia chipsi za jana atachoka mwezi wa pili mizani ikigoma. Anayekimbia kwa ajili ya moyo wake ameshalipwa kabla hajafika nyumbani.

Pumba kwa kuku, wanga kwetu

Singida haikosi chakula kizuri. Alizeti imeujaza mkoa; kando ya barabara kuu madumu na chupa za mafuta ya rangi ya dhahabu yamepangwa yakisubiri magari, na nyuma yake mashine za kukamua zinatoa mashudu kwa ajili ya mifugo. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika hadi Dar es Salaam, wanakopelekwa wakiwa kwenye matenga. Kuna asali ya Itigi, vitunguu, mtama, uwele, karanga na maziwa.

Angalia kinachotokea kwenye mashine ya kusaga. Mahindi yanakobolewa ili ugali uwe mweupe wa kumkaribishia mgeni. Pumba na kiini, vyenye sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini B na madini, vinatengwa na kupewa kuku. Kuku ananenepa, anauzwa, anapanda basi. Sisi tunabaki na sembe, na tunauita ugali wa mtama chakula cha dhiki. Tungepanga upya heshima hiyo. Dona, mtama na uwele visivyokobolewa hushibisha kwa muda mrefu na kupandisha sukari ya damu polepole zaidi. Mlenda uliotwangwa na kuungwa karanga si mboga ya kuficha mgeni akibisha hodi. Una madini, nyuzinyuzi na, kwa ajili ya karanga, protini. La kuangalia ni magadi na chumvi, kwa sababu vyote viwili vina sodiamu, ambayo ni adui wa presha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote.

Mafuta ya alizeti ni mazuri: hayana lehemu na yana vitamini E. Hata hivyo gramu moja ya mafuta yoyote ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kilokalori 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu bila kijiko hajui ameweka vingapi. Kupima kwa kijiko hakumnyimi mtu utamu wa mboga.

Sukari ndiyo inayojificha zaidi, kwa sababu hatuihesabu kuwa chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo ni kama vijiko 6 vya chai. Chai mbili zenye vijiko vitatu vitatu zimemaliza. Soda ya mililita 350 peke yake hubeba karibu vijiko 9. Kupunguza kijiko kimoja kila baada ya majuma machache kunawezekana, ulimi huzoea. Hapa hakuna haja ya kufukuza wali wa sikukuu wala kuku wa mgeni. Anayeharibikiwa ni yule anayegeuza sherehe kuwa utaratibu wa kila siku, na yule anayejinyima hadi siku ya sherehe, kisha akajilaumu juma zima.

Bingwa ambaye angeambiwa "kula"

Mnamo Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa JWTZ, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, miaka minane baada ya Simbu mwenyewe kuleta shaba kutoka London. Mtu mwenye mwili wa namna yake akipita mtaani bila jezi, wapo watakaomshika mkono na kumwambia, "Ndugu yangu, mbona umekwisha hivyo? Kula!"

Mwili wa Simbu umejengwa na miaka ya mafunzo na pengine na urithi. Si kielelezo cha kila mmoja wetu kuufukuzia. Kiwango cha raia wa kawaida ni cha chini mno kuliko chake. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, kiasi cha kupumua kwa kasi huku ukiweza kuzungumza. Mama anayelima, anayetwanga na kubeba ndoo ya maji amekwisha vuka hapo; kumwambia akafanye mazoezi ni kumkosea adabu. Anachohitaji ni kupumzika na kula vizuri. Anayehitaji dakika 150 ni yule anayepanda bodaboda kutoka nyumbani hadi ofisini, akae saa nane, arudi kwa bodaboda.

Mwanya upo. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Vikundi vya kukimbia vimeota mijini tangu hapo. Ni jambo jema, ingawa siku moja kwa mwezi haitoshi na kasi ya kikundi humtisha mgeni. Tulikuwa na mchakamchaka shuleni, alfajiri, wote kwa pamoja, kila mtu akiimba, hakuna aliyeulizwa kilo zake. Roho ile ndiyo ya kurudisha. Singida Mjini ina maziwa mawili, Singidani na Kindai, na kutembea kwa miguu pembeni yake jioni ni bure.

Ulimi nao upewe mlo

Sehemu ngumu kuliko zote ni maneno. "Shikamoo mama, mbona umenenepa hivyo!" tunasema kwa mapenzi, na mama anaitikia marahaba akicheka, kisha anapofika nyumbani anajitazama kwenye kioo. Kwenye vikao vya harusi bibi harusi mtarajiwa anaambiwa gauni halitaingia; anaacha kula chakula cha usiku, anazimia saluni. Shuleni mtoto anaitwa bonge na mwalimu anacheka pamoja na darasa. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa anayedhihakiwa kwa uzito huelekea kula zaidi, kukwepa uwanja wa michezo na kuchelewa kwenda hospitali. Dhihaka haijawahi kumpunguza mtu kilo ikamwachia afya.

Ndani ya aibu hiyo ndimo wanamopenya wauzaji wa chai za kupunguza tumbo na vidonge vya kuongeza makalio. Nyingi ya chai hizo zina majani ya kuharisha kama sena. Kinachopungua ni maji, na kinarudi. Dawa za kisasa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muuzaji asiye na usajili wa kuonyesha anauza matumaini, na wakati mwingine anauza ugonjwa wa ini.

Zipo nyakati ambapo uzito wenyewe ni habari. Anayepungua bila kukusudia na kukohoa zaidi ya wiki mbili akapimwe kifua kikuu. Mwenye kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara kwa mara akapimwe sukari. Kijana anayekataa chakula wiki nzima, au anayejitapisha kwa siri, anaumwa. Aende kwa mhudumu wa afya na asiambiwe anaiga Uzungu. Nyakati nyingine zote, mwili wa mwenzako si wako kuutolea taarifa.

Mwenye nia ya kujua hali yake aende zahanati iliyo karibu apime presha, hata kama hajisikii chochote, kwa maana presha haina desturi ya kujitangaza. Aliyefikisha miaka 40 na kiuno kimezidi nusu ya urefu aombe na kipimo cha sukari. Nyumbani aanze na unga, kijiko cha sukari na dumu la mafuta. Na akikutana na rafiki aliyebadilika, amuulize kazi, watoto na usingizi. Kama kuna tatizo, rafiki atalisema mwenyewe, tena mapema, kwa kuwa hakuna aliyemhukumu mlangoni.